Vepolaiza ilivyomaliza kero ya presha kiwandani

"Ongezeni tanki la gesi." Kila fundi aliyekuja kuangalia kwa nini tanuri zetu zinakosa presha ya gesi alituambia hivyo, na mpaka leo ushauri ule unaniudhi. Tuliongeza, kwa pesa ambazo zingenunua vepolaiza (mashine inayogeuza gesi ya kimiminika kuwa mvuke) na chenji ikabaki. Baridi ilipokolea na bana (vichomeo) zote zikawaka pamoja, presha ikaporomoka vilevile, na matanki yote mawili yakafunga barafu kwa nje hadi usawa wa gesi iliyomo.

Propani, gesi tunayochoma, huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri kwa presha ya kawaida ya hewa, lakini haigeuki mvuke bila joto, na tanki hulipata joto hilo kupitia ukuta unaoguswa na kimiminika. Ukivuta kwa kasi, kimiminika hujipoza kama jasho linavyopoza mwili. Gesi ikipungua, ukuta huo nao unapungua. Kwa hiyo hesabu ya mzigo, yaani gesi inayohitajika, ipigwe kwa usiku wa baridi, tanki likikaribia kujazwa upya.

Vepolaiza huchukua kimiminika chini ya tanki na kukipasha yenyewe. Tukafunga ya umeme. Kwa wanaotumia gesi yenye butani kuna faida ya ziada: ukivuta mvuke, propani hutangulia kutoka na butani hubaki, ukivuta kimiminika, mchanganyiko haubadiliki.

Ila usiku bana zikaanza kutema miali ya njano. Fundi akasema vepolaiza ni ndogo, tununue kubwa. Nilikataa katakata! Nikafuata bomba kwa mkono hatua kwa hatua, nikakuta lina baridi kali kwenye kila kona ya chini. Mvuke ulikuwa unarudi kimiminika njiani, kwa sababu rigyuleta (kifaa cha kupunguza presha) ya kwanza ilikuwa mbali, kwenye ukuta wa tanuri, na bomba lote lilibeba presha ya tanki. Bomba jembamba hupoa upesi kuliko tanki. Tukaihamishia rigyuleta ya kwanza pale pale mvuke unapotoka. Kwa presha ya bar 1 hivi juu ya ile ya hewa, propani haiwezi kuwa kimiminika mpaka baridi ifike nyuzi 25 chini ya sifuri. Miali ikawa ya buluu usiku ule ule, na furaha niliyoipata siwezi kuificha.

Msisahau kutoa mafuta mazito yanayojikusanya ndani ya vepolaiza. Yakiachwa, huganda kwenye sehemu ya kupashia na kuzuia joto. Yatoeni mashine ikiwa imezimwa na haina presha, mbali na moto wowote, maana mvuke wa propani ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini.