Kombe Lenye Matundu

Mwezi ule tulikuwa tumechoka na michango. Mzee mmoja wa kwetu alifariki Davenport, Iowa, na kila jioni simu hazikunyamaza: fulani katoa dola 50, fulani kaahidi, wenye kuandaa maiti wanataka malipo yote kwanza. Aliyethubutu kuuliza kwa nini asizikwe hapahapa alinyamazishwa. Mtu hazikwi ugenini, alijibiwa, kana kwamba ile miaka 20 marehemu alikuwa stendi akisubiri basi.

Jumapili moja ya Agosti akanipigia Mama Uvira. Jina hilo tulimpa sisi, kwa kuwa kwao ni Uvira, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Alitaka matikiti. "Baba, ya dukani haina sukari. Unipeleke Muscatine."

Tukashika barabara namba 22, inayoandamana na mto Mississippi kwa kilomita kama 50. Buffalo, Montpelier, Fairport: vimji unavyovimaliza kabla wimbo mmoja wa redioni haujaisha. Kipande hicho hunivuruga akili, maana mto niliousoma shuleni unateremka kusini, lakini hapo unakwenda magharibi, na haukati kona mpaka ufike Muscatine.

Fairport tulisimama kunyoosha miguu. Ukingoni, kwenye tope, nikaokota kombe la chaza wa mtoni. Ndani liling'aa kama maziwa yaliyomwagiwa upinde wa mvua, na lilikuwa na matundu manne, duara kamili, utadhani limetafunwa na panya mwenye bikari. Mzee aliyekuwa akivua samaki pale akalitazama mara moja tu. "Vifungo," akasema.

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani Tanga. Utotoni kazi yangu ilikuwa kuchambua kopo lake la vifungo, na alinifundisha kuvijaribu kwa mdomo: cha chaza ni baridi, cha plastiki hakina habari. Sikuwahi kujiuliza vile vya baridi hutoka wapi. Siwezi kuapa kwamba vya mjomba vilitoka huku.

Yule mzee alisema mama yake, alipokuwa msichana, alikuwa akishona vifungo kwenye kadi, nyumbani, kwa malipo ya kadi. Mengine niliyapata baadaye siku ileile, kwenye makumbusho ya vifungo mjini. Mjerumani John Boepple alianza kukata vifungo Muscatine mwaka 1891, baada ya Marekani kupandisha ushuru wa vifungo vya nje. Chaza walivuliwa kwa ujanja ulionifurahisha: nondo yenye kulabu nyingi inaburutwa chini ya mto, chaza aliyeachama akiguswa anafumba, anaing'ata kulabu mwenyewe. Wakachemshwa ukingoni, makombe yakapelekwa kiwandani kukatwa kwa misumeno ya bomba. Kufikia 1905 mji ule ulitoa vifungo bilioni 1.5 kwa mwaka, zaidi ya theluthi moja ya vifungo vyote duniani. Bila shaka chaza wakapungua. Serikali ikajenga kituo cha kuwazalisha hapohapo Fairport, na Boepple mwenyewe akaajiriwa. Mwaka 1912 akafa kwa kidonda: alikanyaga kombe mtoni, likamkata mguu. Plastiki ikaja kumalizia kazi.

Kwenye makumbusho hayo ndipo niliposikia habari za Alexander Clark, na bila kumwuliza Mama Uvira nikageuza gari kuelekea makaburi ya Greenwood.

Clark alikuwa Mwafrika wa Marekani, alifika Muscatine mwaka 1842 akiwa kijana, akawa kinyozi, akawauzia kuni wenye meli za moshi, akapata mali. Binti yake Susan alipokataliwa shule ya mtaani kwa rangi yake, baba akaenda mahakamani. Mwaka 1868 Mahakama ya Juu ya Iowa ikampa haki, miaka 86 kabla ya Marekani nzima kufika hapo. Mwaka 1890 akateuliwa kuwa mwakilishi wa Marekani nchini Liberia. Mwaka uliofuata akafa, Monrovia.

Nilimsimulia Mama Uvira haya tukiwa tumesimama mbele ya kaburi, jua kali, kitenge chake kichwani.

"Alikufa Afrika?"

"Ndiyo."

"Afrika, na hapa ni kaburi yake."

"Walimvusha bahari wakamrudisha. 1892."

Akanyamaza. Nilidhani anaomba, kumbe anahesabu. "Wakati ule meli ilikuwa bei gani?"

Matikiti tuliyapata kusini ya mji, kwenye mchanga wa Muscatine Island, kibandani kwa mkulima. Tulipasua moja palepale juu ya boneti. Simu ikaita: mchango umetimia, mzee anaondoka Alhamisi. Nikamwambia. Akatema mbegu, akafuta mkono, akalichukua lile kombe na kujaribu kupitisha kidole tunduni. Hakikupita.

"Mimi mutaniacha hapahapa," akasema. "Watoto wangu wako hapa. Uvira ni nani atanifagilia kaburi?"

Nilikuwa bado natafuta la kusema alipoinyooshea simu yangu kidole.

"Lakini usiandike hiyo kwenye kundi."