Hendibreki ya gari la kujiundia: shika kava la waya kwanza

Wadau, gari letu limefika kwenye hendibreki, na hili nataka niliandike vizuri maana wengi wanaounda magari wenyewe wanakimbilia injini na rangi, hendibreki inaachwa mpaka mwisho, halafu unakuta njia ya waya imeshaliwa na egzosi na propela, ule mhimili unaopeleka mzunguko nyuma.

Kwa wasiolijua, ni la mtindo wa Lotus Seven, kile kigari cha wazi cha Uingereza alichokitoa Colin Chapman mwaka 1957, enzi hizo watu walikuwa wananunua vipande wanaunga wenyewe nyumbani kwa sababu gari la vipande lilikuwa linakwepa kodi kule. Letu chesi tumeichomea hapahapa Tabata, difu, ekseli ya nyuma na dramu zake za breki ni za Corolla KE70, na mkono wa hendibreki tumeuokota kwenye spea za mtumba Gerezani, meno yake yanayoushikilia ukishauvuta bado makali, hilo ndo la kuangalia kwanza ukiwa unanunua.

Sasa sikilizeni. Waya wa hendibreki una vitu viwili, waya wenyewe wa ndani na kava la nje, na kinachofanya kazi ni ule wa ndani kuteleza huku kava limetulia. Kava lisiposhikwa kwenye chesi huku na kwenye sahani ya dramu kule, ukivuta mkono kava linajikunja tu na shuu, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani, hazisogei hata kidogo, utalaumu shuu bure. Fundi wetu alitaka kulifunga kwa waya wa kawaida, nikamwambia kaka hapana, tuchomee bamba la maana lenye tundu la kava, na kule mkono unapokaa tukaweka bamba nene chini maana bati tupu litapasuka siku moja.

Hesabu yake ni rahisi. Mkono wetu una kama sentimita 30 toka pini mpaka unaposhika, na waya umefungwa sentimita 5 toka pini, kwahiyo nguvu inazidishwa mara 6, ukivuta kilo 20 waya unapata kama 120. Hapo katikati kuna kile kipande kinachogawa mvuto, mafundi wengine wanaita ikwalaiza, kila tairi linapata 60 hata kama shuu za upande mmoja zimelika zaidi. Kisifungwe kikakaza, lazima kicheze, kikikaza tairi moja tu ndo linashika.

Kingine ambacho watu hawakifikirii ni kwamba ekseli inapanda na kushuka, waya hautakiwi kujivuta wenyewe gari likipita kwenye tuta. Tulipiga jeki chesi tukaacha ekseli ining'inie mpaka mwisho, tukazungusha tairi kwa mkono, hendibreki ikiwa chini tairi liko huru kabisa. Na urekebishe shuu kwanza ndani ya dramu, waya baadaye, usiufanye waya ufiche shuu zilizolegea. Sisi inashika kwenye jino la tano au la sita, naipenda hapo.

Na grisi jamani, hili jiji lina chumvi hewani, waya ukishika kutu hendibreki inapanda haishuki, unaendesha huku shuu zinaungua.

Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya breki za magari madogo inataka hendibreki ishikilie gari lenye mzigo kwenye mwinuko wa asilimia 20, yani kila mita 5 za mbele unapanda mita 1. Tutaijaribu kwenye vilima vya Goba, watu wawili ndani, mwingine nje na kabari ya ubao, kichwa kikitazama juu halafu chini, na mpaka ishike pande zote mbili silipeleki kwenye foleni ya pantoni pale Magogoni nikiwa na gari la mtu nyuma yangu.

Nimebakiza vile vimpira vya kuzuia vumbi mwisho wa kava, mwenye kujua duka Kariakoo linalouza vya KE70 anicheki.