Makazi ya wastaafu Marekani si nyumba ya wazee

Mwambie mtu wa Mombasa au Dar es Salaam kwamba mama wa fulani aliyeko Marekani amehamia makazi ya watu wa miaka 55 na kuendelea, naye atasikitika: "Wamemtupa." Kinachomjia kichwani ni nyumba ya wazee, yenye vitanda, wauguzi na saa za kutembelewa. Ndugu zetu wanaoishi huko na wana uwezo wa kununua hukosea kwa upande mwingine. Hudhani kwamba ukishanunua nyumba humo, uzee wako umepata mtunzaji. Kosa hili la pili ndilo linaloumiza zaidi.

Makazi haya ni mitaa ya nyumba za kawaida. Sun City ya Arizona, iliyofunguliwa na mjenzi Del Webb tarehe 1 Januari 1960, ilianza na nyumba 5 za mfano, maduka, kituo cha burudani na uwanja wa gofu. Hapakuwa na wodi. Mtu ananunua nyumba, anapewa hati, anapika jikoni kwake na kutoka anapotaka. Wengine bado wanakwenda kazini kila asubuhi, kwa maana sheria inauliza umri, haiulizi kama umestaafu.

Habari ya umri nayo haieleweki vizuri. Tangu 1988 sheria ya Marekani inakataza kuwanyima nyumba watu wenye watoto, lakini makazi ya wazee yamepewa msamaha, na masharti yake yalirekebishwa 1995. Angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa lazima kila moja iwe na mkazi mmoja au zaidi aliyefikisha miaka 55, na uongozi uhakiki umri huo upya kila baada ya miaka 2. Kwa hiyo mume wa miaka 57 anaweza kukaa na mke wa miaka 48, mradi kanuni za pale zinaruhusu. Asilimia 20 iliyobaki si nafasi ya vijana. Makazi mengi huiacha kwa ajili ya mjane au mgane ambaye hajafika 55, na mengine hukaza kuliko sheria inavyodai.

Hapa familia zetu ziwe makini sana. Wajukuu huruhusiwa kutembelea, ila walio chini ya miaka 18 au 19 mara nyingi huwekewa kikomo cha siku za kulala, na siku 30 kwa mwaka ni kikomo cha kawaida. Kama bibi ndiye anayelea mjukuu, au huenda akalazimika kumlea kesho, asinunue huko. Mtoto wa miaka 35 naye anaweza kurithi nyumba lakini asiruhusiwe kuishi ndani yake. Itambidi aiuze, au ampangishe mtu mwenye umri unaotakiwa.

Sasa matunzo. Ada ya mwezi hulipia bwawa la kuogelea, ukumbi, bustani za pamoja na pengine ukataji wa majani. Hailipii mtu wa kukuogesha, kukuvisha wala kukukumbusha dawa. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, nayo hailipii huduma hiyo ikiwa ndiyo pekee unayohitaji. Inachogharamia, kwa kawaida baada ya kulazwa hospitali siku 3, ni kituo cha uuguzi kwa muda usiozidi siku 100. Kuanzia siku ya 21 unachangia gharama. Yapo makazi ya aina nyingine ambayo mtu huingia akiwa mzima, kisha huhamia ngazi ya kusaidiwa na baadaye ya uuguzi palepale. Hayo yana mkataba wake, na mengi hudai kiingilio kikubwa. Dalali akichanganya hizi aina mbili, mwombe aonyeshe kwa maandishi ni ipi anayouza.

Kabla ya kulipa arabuni, omba kanuni za makazi, bajeti ya mwaka, ripoti ya mfuko wa akiba na kumbukumbu za vikao vya miaka 2 iliyopita. Mfuko ukiwa mtupu na paa la ukumbi likachakaa, kila nyumba itatozwa mchango wa ghafla juu ya ada. Ada ndogo isikuvutie kabla hujaona mfuko huo. Kwenye makazi kama The Villages ya Florida, uliza pia deni la kujengea barabara na mabomba: limefungwa kwenye nyumba yenyewe, hulipwa pamoja na kodi ya mali ya kila mwaka, na salio humwangukia mnunuzi asipolimaliza muuzaji.

Kabla ya kununua, kaa humo kwanza kama mpangaji, na uwe mwezi Julai. Januari huko Arizona hali ya hewa ni nzuri na kumbi zimejaa. Julai joto hupita nyuzi 40, wanaokimbia baridi ya kaskazini wamerudi kwao, na vikundi vingi vimepumzika.

Ukiwa humo, beba futi kamba. Nyumba kuuzwa kwa watu wa miaka 55 hakumaanishi kwamba kiti cha magurudumu kinapita. Fungua mlango wa bafu hadi mwisho na upime uwazi unaobaki: unahitaji angalau sentimita 82. Kisha hesabu ngazi kutoka gereji hadi jikoni.