Handaki la upepo, wiki ya nne: moshi umenyooka!

Jameni moshi umenyooka. Kwa mgeni: handaki la upepo ni sanduku la kupitishia hewa kwenye kabawa kadogo ka ndege, na moshi ndio unaokuonyesha hewa inavyopita. Jana saa nne usiku, juu ya meza ya jikoni, mstari mmoja mweupe kutoka mdomo wa sanduku mpaka nyuma bila kujikunja hata kidogo, nikamwita mke wangu mbio aje aone kabla haujaharibika.

Sanduku ni lile lile, sentimita 15 kwa 15, plastiki angavu ubavuni, mirija ya soda 600 na kitu mbele ya kutuliza hewa, feni ya kompyuta ya volti 12 niliyotoa barabara ya Luthuli, Nairobi. Na shida ilikuwa hiyo feni. Nilikuwa nimeifunga mbele ipulize hewa ndani, halafu wiki tatu nzima nikalaumu kila kitu isipokuwa yenyewe, nikabadilisha udi, nikaziba mianya yote na selotepu, nikang'oa mirija nikaipanga upya mmoja mmoja mpaka vidole vikaungua na gundi ya moto, na bado moshi unajisokota tu. Kumbe feni ikipuliza, mapanga yake yanaizungusha hewa, na ule mzunguko mirija yangu mifupi haiumalizi. Nikaihamisha nyuma, ikawa inavuta badala ya kupuliza, sasa hewa inaingia kutoka chumbani ikiwa imetulia. Kazi ya dakika kumi. Wiki tatu zimeenda hivyo!!

Ndugu Wright wa Marekani, wale wa ndege ya kwanza ya injini, mwaka 1901 walikuwa na handaki lao la mbao, urefu futi 6, feni yao ilipuliza kutoka mbele na bado wakapima maumbo karibu 200 ya mabawa kabla hawajapaa na injini Desemba 17, 1903. Baada ya wiki hizi nawaheshimu zaidi.

Kitu kingine, moshi wa udi ukiwa bado moto unapanda wenyewe na kukudanganya, kwa hivyo nimeupitisha kwenye mrija wa dripu wa mita moja upoe kwanza. Nyuma manila nyeusi, tochi ya simu iangaze kutoka juu, si mbele. Taa za bei achana nazo.

Leo nilikuwa niunganishe mizani nipime bawa linainuliwa gramu ngapi. Sijaigusa. Ni kwa sababu ya msichana mmoja wa gredi ya sita kwenye klabu yetu huku Lang'ata, ambako ndege za uwanja wa Wilson zinatupitia juu ya paa kutwa. Jumamosi iliyopita aliniuliza, "Mwalimu, kitabu kinasema hewa ya juu ya bawa ina njia ndefu kwa hivyo inakimbia ili wakutane na ile ya chini. Sasa inajuaje kama inasubiriwa?"

Swali lilinikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu yuko sawa na kitabu kimekosea, na hilo kosa limeenea sana. Basi leo nimegawa mrija wa moshi mara mbili, mmoja juu ya bawa na mwingine chini, halafu nikawa nabana na kuachilia pale kabla haujagawanyika, moshi unatoka madonge madonge, ya juu na ya chini yakianza safari pamoja. Nikarekodi video ya polepole kwa simu. Donge la juu linafika mwisho wa bawa kwanza! La chini limebaki nyuma kama upana wa kidole, na hawakutani kamwe. Halafu yote mawili yakitoka nyuma yameinama kuelekea chini, unaona kabisa bawa limeisukuma hewa chini, nayo hewa inalisukuma bawa juu.

Nikainua pembe ya bawa polepole, nikisoma kwa kipima pembe. Kufika digrii 11 hivi moshi wa juu ukaachana na bawa ukaanza kuvurugika. Ndege kubwa hufika karibu 15, ila kabawa kadogo kwenye hewa ya polepole huachwa na hewa mapema. Hapo ndipo rubani hupoteza nguvu ya kuinuliwa hata kama injini inanguruma.

Mizani itangoja. Jumamosi nalibeba sanduku hadi klabu, na nataka yule msichana ndiye abane mrija.