Umewakaanga kwa mawese?

"Baba, huyu bibi harusi alipakwa nini?"

Binti yangu alikuwa amekaa sakafuni jana jioni, droo ya chaja zilizokufa ameimwaga yote, na mkononi ameshika ile picha ya Ujiji. Ninyi mliokuwa mnapita studio yangu ya picha enzi zile za Mwanga, Kigoma, mnaijua, mlinicheka nayo mpaka mkachoka.

Nikamjibu alipakwa Machweo. Hakuelewa, na wala simlaumu.

Machweo ni preseti, yaani mpangilio wa rangi uliohifadhiwa ili uupake picha nyingine kwa mbofyo mmoja, niliyoitengeneza kwa mikono yangu mwaka 2021. Magurudumu matatu ya kutilia rangi, moja la vivuli, moja la mwanga na moja la katikati, yaliingia Lightroom, programu ninayorekebishia picha, Oktoba 2020. Kabla ya hapo tulikuwa tunatia rangi kwenye vivuli na kwenye sehemu zenye mwanga tu, katikati hapaguswi. Nilipopata gurudumu la katikati nikawa kama mtoto aliyeachiwa kopo la sukari. Jioni moja nikashuka Kibirizi, jua linazama upande wa milima ya Kongo, mitumbwi ya dagaa inajiandaa kutoka na taa zake. Nikapiga. Usiku nikaipika ile picha: vivuli nikavivuta kwenye buluu ya kijani, mwanga kwenye chungwa, katikati nako chungwa, na joto la rangi, lile linaloivuta picha nzima kwenye chungwa kadiri namba inavyopanda, nikalipandisha hadi Kelvini 7,800 kwa sababu chini ya hapo ziwa lilionekana limepoa. Ikatoka tamu kweli. Nikahifadhi preseti, na kile kidirisha kinachokuuliza uhifadhi kipi na kipi uache, nikaweka tiki kila kiboksi. Nani anasoma viboksi saa saba za usiku?

Wiki mbili baadaye harusi ikaja. Sina haja ya kuisimulia, mmeona harusi. Ndoa ilifungwa barazani mchana, pilau ikaliwa, mvua haikunyesha. Mimi nilipiga RAW, yaani picha mbichi, kwa kamera kubwa, kijana wangu wa studio akapiga JPEG, picha ambayo kamera imeshaipika yenyewe, kwa ile ndogo. Nikachagua picha zote, nikazimwagia Machweo kwa mkupuo, nikakesha nazo mpaka alfajiri. Ukikaa na chungwa saa sita mfululizo, macho yanazoea, chungwa linageuka rangi ya kawaida ya dunia. Mimi niliona kazi nzuri. Nikasafisha, nikapanga albamu, nikapanda daladala la Ujiji nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Mama wa bibi harusi nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka ungo pembeni na kupangusa vidole kwenye khanga kimoja kimoja. Akafungua. Ukurasa wa kwanza kimya, wa pili kimya. Wa tatu akasimama. Ilikuwa picha ya mkono tu, ule mkono wa hina umewekwa juu ya mto mweupe. Niliipenda kuliko zote.

Hakunisemesha. Alimwita binti yake, ambaye bado alikuwa kwao siku hiyo, akamshika kiganja, akakilaza juu ya picha, mkono juu ya mkono. Mkono wa kweli ulikuwa na hina iliyokolea, nyekundu ya kukaribia weusi kwenye ncha za vidole, na vijiua vyembamba vikipanda mpaka karibu na kiwiko, vingine vimeanza kufifia pale anapovaa bangili. Mkono wa pichani ulikuwa wa rangi moja. Ngozi, hina, bangili ya dhahabu na hata mto, vyote chungwa, kama mhogo uliotoka kwenye karai.

"Hina iko wapi, mwanangu?"

Sikujibu.

"Mchoraji alikaa hapa tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nimemlipa. Iko wapi?"

Nikasema, na mpaka leo sijui ulimi uliniponyoka vipi, "Ndiyo mtindo wa sasa, mama."

Bibi mmoja aliyekuwa kajilaza kwenye mkeka, nikidhani kasinzia, akanyoosha shingo kuchungulia. Akamtazama bwana harusi, kanzu yake ya chungwa, meno yake ya chungwa.

"Umewakaanga kwa mawese?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Bibi harusi naye akacheka, ila mkono aliuondoa kwenye picha na kuuficha ndani ya khanga. Hicho ndicho kilichoniuma.

Nilirudi Mwanga nikiwalaumu wengine. Kwanza mashine ya kusafishia, halafu karatasi, halafu kioo cha kompyuta. Kilichonifumbua macho ni picha za yule kijana. Bibi harusi yuleyule, dakika ileile, preseti ileile, na kanzu ya bwana harusi ilikuwa kanzu, imepata kajoto kidogo ka magurudumu basi. Nilikaa nazitazama ubavu kwa ubavu kama nusu saa. Yake JPEG, yangu RAW. Kwenye RAW joto la rangi huandikwa kwa Kelvini, kwenye JPEG ni kunyanyua au kushusha tu, hasi 100 hadi 100. Ile 7,800 yangu ilifika kwenye picha zake ikakosa pa kushika. Kwenye zangu ilishika kila mahali, ikalibeba jua la Kibirizi mpaka barazani saa nane mchana.

Nikatoa tiki ya waiti balansi, ndiyo hiyo ya joto la rangi, kwenye preseti, nikashangilia, nikafungua picha. Bado mawese. Kurekebisha preseti hakugusi picha zilizokwisha kupakwa, ilibidi nizirudishe mwanzo zote nianze upya. Halafu nikajifanya mjanja, nikachukua ile dropa ya kutafutia weupe, unayoigusisha kwenye kitu kisicho na rangi ili programu isawazishe picha nzima, nikaigusisha kwenye kanzu. Watu wakawa wa manjano! Kanzu ile ilikuwa imesuuzwa kwa buluu ya kufulia, kama kanzu nyingi za sherehe, na programu ilipoona ubuluu ikajibu kwa manjano. Mwisho nikagusa sakafu ya saruji, kijivu kitupu, pale penye ufa karibu na viatu vya wageni. Hina ikatokea. Gurudumu la katikati nikalirudisha sifuri, maana ngozi zetu ndiko zinakokaa, katikati ya kivuli na mwanga.

Albamu ya pili nilisafisha kwa hela yangu. Mama aliifungua ukurasa wa tatu tu, akatazama, akaifunga, akaniuliza kama nimekula.

Haya yote nilimsimulia binti yangu kwa kufupisha. Akataka kuiona hiyo Machweo yenyewe. Nikawasha kompyuta. Ipo, nimeibadilisha jina tu, inaitwa "Machweo USIGUSE". Siku moja moja naigusa, nikishuka ziwani. Yuko darasa la pili, kusoma anajua.

"Kama haiguswi, mbona hujaifuta?"

Nikamwambia maji yanapoa, aende akaoge.