Chawa wa benchi moja

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba kimoja Kadutu, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, na tangu nianze kazi hii ni miaka 11. Vichwa nilivyoshika havihesabiki. Ndiyo maana iliniuma sana kwamba chawa wa binti yangu aliyewaona kwanza ni mwalimu.

Alirudi nyumbani saa nne asubuhi, daftari kalikumbatia, blauzi nyeupe imelowa machozi. Walikuwa wamemsimamisha mbele ya darasa na kumwambia aende akaogeshwe. Ana miaka 8. Mtoto wangu anaoga kila siku! Chawa hachagui kichwa kichafu wala kisafi; anatafuta damu na joto, na hupita vichwa viwili vikigusana. Hana mabawa, hawezi kuruka. Anatambaa tu.

Nilimketisha mlangoni penye mwanga, nikaanza kufumua. Nyuma ya masikio na kisogoni nikawakuta: wadogo kama ufuta, rangi ya udongo. Mayai yalikuwa yameshika unywele karibu kabisa na ngozi. Mba ukiipuliza inaondoka, lakini yai la chawa limegandishwa, mpaka ulivute kwa kucha hadi ncha ya unywele. Nilikuwa nimemwona akijikuna siku nyingi nikadhani nimebana mistari ya nywele. Na kumbe kwa mtu anayepata chawa mara ya kwanza, kuwashwa kunaweza kuchelewa wiki 4 hadi 6, kwa hiyo walikuwepo zamani.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alifika jioni na chupa ya petroli ya taa. "Mama alikuwa anatupakaa hii, na tulipona." Mbabula, jiko la makaa, ilikuwa inawaka hatua mbili kutoka pale alipokaa mtoto. Nilimnyang'anya ile chupa, na simwombi msamaha. Petroli inachubua ngozi ya kichwa, mvuke wake unaingia kifuani, na cheche moja ya makaa inatosha kumwasha mtoto. Dawa ya kunguni nayo, hapana. Mama mwenyewe alikuwa na hofu nyingine: alikumbuka tifasi, homa kali ya kuambukiza, iliyoua watu Burundi kwenye kambi mwaka 1997. Nikamweleza kwamba ule ugonjwa huletwa na chawa wa nguo. Hawa wa kichwani wanasumbua, wanakosesha usingizi, na mtoto akijikuna sana vidonda vinaweza kuingia uchafu, lakini tifasi hawaileti.

Farmasi waliniuzia losheni ya permetrini, dawa ya kuua chawa, ya asilimia 1. Nilimwosha kwa sabuni, nikamkausha kwa taulo, nikapaka mpaka mizizi, dakika 10, nikasuuza juu ya beseni huku amefunika macho kwa kitambaa. Siku ya 9 nikarudia, kwa sababu mayai mengi hayafi mara ya kwanza na huanguliwa baada ya wiki moja hivi. Mashuka na foronya niliziloweka kwenye maji ya moto. Godoro sikuligusa, chawa akianguka kutoka kichwani anakufa ndani ya siku moja au mbili.

Akapona. Wiki 3 baadaye akaanza kujikuna tena.

Nililia siku hiyo. Halafu nikamuuliza: "Unakaa na nani darasani?" Akanitajia wenzake watatu. Tangu elimu ya msingi iwe ya bure, Septemba 2019, madarasa yamejaa, na wao wanne wanasoma kitabu kimoja kwenye benchi moja, vichwa vimeinamiana. Mimi nilitibu kichwa kimoja, vitatu nikaviacha.

Nilienda kwa wale akina mama mmoja mmoja. Wa kwanza alikasirika: "Sisi hatuna buchafu, mama." Nikamwambia, hata mimi msusi wamenikuta, na wa kwangu ndiye aliyefukuzwa. Akanyamaza kidogo, akamwita mtoto.

Pesa ya losheni kwa watoto wanne haikuwepo, basi tukashika kitana cha meno ya karibu. Nywele zinalowekwa, zinapakwa mafuta mengi ili kitana kipite na chawa asikimbie, unagawa mafungu madogo sana, unachana kutoka kwenye ngozi hadi ncha, unapangusa kwenye kitambaa cheupe. Kwa nywele zetu kichwa kimoja kinachukua saa nzima. Tulifanya siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13, uani kwangu, mbele ya saluni iliyofungwa. Siku ya kwanza kitambaa cha yule mtoto wa mama aliyekasirika kilikuwa na chawa 23. Siku ya 13 hakikuwa na hata mmoja.

Siku ya 17 tukakagua tena, safi. Wote wanne wakataka mistari ya aina moja. Niliwasuka bure, na yule mama akakaa karibu yangu akinishikia kioo.