Safari Yote Ile Asifike?

Wifi alitamka neno Jumatano na mpaka leo halijanitoka. Alikuwa dirishani, akamwona kipepeo jike wa aina ya monaki, mbawa zimepauka, kingo zimechanika.

"Wifi, huyu katoka Mexico kweli?"

"Katoka."

"Na Kanada atafika lini?"

"Hafiki. Anataga hapa, kisha anakufa."

"Alaa! Safari yote ile asifike?"

Hamisi kapata leseni, paa limezibwa, hesabu za robo mwaka kazini tumezifunga, na mimi bado niko palepale: safari yote ile asifike?

Afike wapi tena, wifi? Huyu alizaliwa kaskazini mwishoni mwa kiangazi kilichopita, akashuka hadi misitu ya oyamel, miti jamii ya misonobari, huko Michoacán, Mexico, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya kule ndiyo iliyomwezesha kutumia mafuta ya mwili kidogokidogo. Majira yote hayo mayai yalikuwa hayajakomaa. Siku zilipoanza kurefuka ndipo wakapandana, na Machi wakaondoka. Kwake hapa Texas ndiko mwisho wa safari, maana mimea ya Asclepias, chakula cha viwavi wake, huchipua huku mapema. Angekimbilia Kanada sasa hivi angekuta ardhi tupu, hana jani la kutagia. Watakaosonga mbele ni watoto wake na wajukuu, kila kizazi kikifuata majani mapya. Yeye kaishi miezi minane hivi. Wao, wakishapata mbawa, wataishi wiki mbili hadi sita tu.

Natamani wifi angesubiri amwone akitaga. Anatua, anagongagonga jani kwa miguu ya mbele ili alionje. Likiwa silo, anaruka. Likiwa ndilo, anakunja tumbo kuelekea upande wa chini, anabandika yai moja, anahamia shina jingine. Yai lina rangi ya maziwa, ni dogo kama kichwa cha pini, lina mistari iliyosimama wima. Siku 3 hadi 5 kiwavi anatoka, anakula ganda lake kwanza, kisha jani. Utomvu mweupe wa mmea una sumu, nayo humfanya awe mchungu kwa ndege. Anajivua ngozi mara 5 ndani ya wiki mbili hivi. Ya mwisho anajivua akiwa amening'inia kichwa chini, na kinachobaki ni pupa ya kijani yenye nukta za dhahabu.

Wengi hawafiki hapo. Sisimizi wekundu wanaouma hubeba mayai, na kuna nzi anayetaga juu ya kiwavi, funza wake wakamla kwa ndani. Hayo nayakubali, ndivyo dunia ilivyo.

Nisiyoyakubali ni ya dukani. Alhamisi nimekuta tena wanauza ile Asclepias ya maua mekundu na manjano, bila hata neno moja la maelezo. Hapa Houston baridi hafifu haiiui, kwa hiyo majani hukaa mwaka mzima yakirundika vijidudu vya OE, vimelea vinavyowaua au kuwalemaza monaki. Kipepeo mgonjwa huangusha mbegu za vijidudu hivyo juu ya mayai na majani, kiwavi huzila, nazo huzaliana ndani ya pupa. Aliyeathirika sana hunasa akitoka, au mbawa zinabaki zimekunjamana. Ukiwa nayo, kuanzia Oktoba ikate ibaki sentimita 15, na ikichipua ukate tena wakati wote wa baridi. Bora zaidi panda ya kienyeji, Asclepias viridis, ambayo hunyauka yenyewe. Na muulize muuzaji kama mche umetiwa dawa ya wadudu. Nyingine hupenya hadi kwenye utomvu, ukiosha majani hujafanya kitu.

Nimehesabu mayai tisa leo, yote chini ya majani machanga ya juu. Nimefurahi mno. Wifi akirudi nitamshika mkono nimpeleke akayaone.